Shajara ya Panya: Katuni Iliyoshonwa kwa Vipande vya Zamani

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi wa uchoraji na ndugu zangu wote mlioacha shughuli zenu za Jumamosi mkaja kuketi katika ukumbi huu, nawashukuru. Nimeombwa nizungumze kabla ya filamu kuonyeshwa, na kwa kuwa filamu yenyewe ni ya dakika saba hivi, huenda wapo wanaojiuliza kwa nini maelezo yawe marefu kuliko kinachoelezwa. Sababu ni kwamba katuni tutakayoitazama, Jerry's Diary, yaani Shajara ya Jerry, iliyotolewa na kampuni ya MGM huko Marekani tarehe 22 Oktoba 1949, ina jambo ambalo mtazamaji asiyedokezwa hupitwa nalo. Sehemu yake kubwa haikuchorwa kwa ajili yake. Ilichorwa miaka mitatu, minne, mitano na hata sita kabla ya hapo, kwa ajili ya katuni nyingine nne, kisha ikakatwa kutoka humo na kushonwa upya.

Mara ya kwanza kuiona nilikuwa mtoto, sebuleni kwa jirani yetu aliyekuwa na televisheni na kanda za video, nasi watoto wa mtaa tukiwa tumejipanga sakafuni hadi mlangoni. Katikati ya katuni nikapaza sauti kwamba hii tumeshaiona. Wenzangu wakaniambia ninyamaze, jirani akanihakikishia kuwa kanda ni mpya ya siku ile, nami nikakaa kimya nikiwa na hakika kwamba macho yangu hayakunidanganya. Ilipita miaka mingi kabla sijajua kwamba sote wawili tulikuwa sahihi: katuni ilikuwa mpya kwetu, na vipande vyake nilikuwa nimekwisha kuviona. Mazungumzo yangu ya leo yametokana na ubishi ule wa sebuleni.

Niwakumbushe kwanza kisa chenyewe, maana hoja yangu yote imesimama juu yake. Paka Tom anasikia redio, na humo mtangazaji anayejiita Mjomba Dudley anawatangazia watoto kwamba hii ni Wiki ya Kuwatendea Wema Wanyama. Wiki hiyo haikubuniwa na waandishi wa katuni. Huadhimishwa kweli nchini Marekani, na ilianza mwaka 1915. Tom, ambaye maisha yake yote yamekuwa ya kumwinda panya Jerry, anaguswa na tangazo lile. Anaamua kuwa mwema, anabeba zawadi na kwenda kwenye tundu la Jerry. Huko anakuta shajara ya mwenyeji wake, anaifungua, anaanza kusoma, na kila anachosoma kinageuka kuwa picha mbele yetu: siku Jerry alipomshinda kwa hili, siku alipomwaibisha kwa lile. Kadiri anavyoendelea kusoma ndivyo hasira inavyompanda. Jerry anapotokea hatimaye, anapokelewa kwa pai usoni, wala hajui kosa lake ni lipi.

Picha hizo za shajarani ndizo vipande vya zamani. Zimetoka katika The Yankee Doodle Mouse ya mwaka 1943, Mouse Trouble ya 1944, Tee for Two ya 1945 na Solid Serenade ya 1946. Mbili za mwanzo zilishinda tuzo ya Oscar ya katuni fupi, na ile ya 1943 ndiyo iliyoanzisha mfululizo wa tuzo saba ambazo paka na panya hawa walizoa kabla enzi yao kumalizika. Kwa hiyo tusidhani kwamba William Hanna na Joseph Barbera, wakurugenzi wa katuni hizi tangu mwanzo wake mwaka 1940, waliokota makombo. Walifungua sanduku wakatoa vitenge vyao vizuri kuliko vyote, wakavipitishia mkasi.

Kwa nini wakate kazi nzuri namna hiyo? Hapa lazima tuzungumze juu ya fedha na juu ya mikono ya watu. Filamu ya sinema hupitisha picha 24 kila sekunde. Katuni ya dakika saba ina sekunde 420, na ukizidisha utapata picha 10,080. Mara nyingi mchoro mmoja huachwa ubaki kwa picha mbili, hivyo idadi ya michoro hupungua kwa nusu. Lakini tukumbuke kwamba katika fremu moja Tom anaweza kuwa kwenye karatasi yake angavu ya seluloidi, Jerry kwenye yake, na nyumba waliyomo imechorwa peke yake nyuma yao. Kila mchoro wa penseli ulinakiliwa kwa wino upande wa mbele wa seluloidi, ukapakwa rangi upande wa nyuma, ukakauka, ukapelekwa kwenye kamera na kupigwa picha moja baada ya nyingine. Wachoraji kama Kenneth Muse, Irven Spence na Ed Barge walitoa uhai wa Tom kwa namna hiyo, sekunde kwa sekunde, na nyuma yao walikuwapo wengi zaidi wa wino na rangi ambao majina yao hayakuonekana kwenye kitambaa cha sinema. Studio ikiwa na ratiba ya kupeleka katuni kwenye majumba ya sinema kila baada ya muda fulani, na bajeti imebana, kipande cha dakika moja kilichokwisha kuchorwa ni kazi ya wiki nyingi iliyolala kabatini. Ukiweza kuitumia tena, unachohitaji kuchora ni kisa cha nje tu: redio, zawadi, tundu, shajara na pai.

Wenyewe waliokuwa wakifanya kazi hiyo Hollywood walikuwa na jina la katuni za aina hii, jina lenye maana ya kitu cha kudanganyia. Naelewa kwa nini waliziita hivyo, na siafiki. Udanganyifu upo pale vipande vinapounganishwa ovyo, mtu akapewa kiporo akaambiwa ni chakula cha leo. Mshonaji anayejua kazi yake naye hutumia viraka, lakini kabla ya kukata huangalia ua la kitambaa limeelekea wapi, na mshono huupitisha mahali ambapo macho yatataka kupita. Katika Shajara ya Jerry mshono umepitishwa mahali hasa panapofaa, nami nitajitahidi kueleza ni wapi.

Wanafunzi wetu wa fasihi hufundishwa mbinu iitwayo kisengerenyuma, ambapo msimulizi hurudi nyuma kutuonyesha yaliyopita. Katuni hii nzima ni kisengerenyuma kimoja baada ya kingine, ila swali la kujiuliza ni nani anayerudishwa nyuma. Anayekumbuka ni Jerry, kwa maana yeye ndiye aliyeandika. Anayeona ni Tom, kwa maana yeye ndiye anayesoma. Matukio ambayo mwaka 1943 tuliyaona kwa jicho la kamera lisiloegemea upande wowote, sasa tunayapata kwa kalamu ya mshindi, mbele ya macho ya aliyeshindwa. Katika The Yankee Doodle Mouse, katuni iliyotengenezwa vita vikiendelea, vita vya paka na panya vinapiganwa ghalani chini ya nyumba: mayai yanarushwa kama mabomu, Jerry ana gari lake la kijeshi alilolitengeneza kwa kikwaruzio cha jibini, na mwishoni anatuma ujumbe wa simu akiomba aletewe paka zaidi. Mtazamaji wa mwaka ule aliuona ushindi wa Jerry kama ushindi wa taifa lake. Miaka sita baadaye, vita vikiwa vimekwisha, tukio lililotoka katika katuni ile ile linasomwa kwenye daftari dogo na yule aliyepigwa, akiwa ameketi na zawadi zake kando. Hakuna mstari hata mmoja uliochorwa upya katika kipande hicho. Kilichobadilika ni mtu anayekitazama, na hilo peke yake limetosha kumgeuza Jerry kutoka shujaa na kuwa mtu anayejisifu faraghani kwa maumivu ya mwenziwe.

Naomba mnielewe hapa, kwa sababu jambo hili nalipenda kwa dhati. Katuni za Tom na Jerry husifiwa kwa kasi yake, na ni kweli, lakini kasi hiyo ina gharama: Tom hana nafasi ya kukumbuka. Anapigwa, anasinyaa kama bati, anapulizwa tena, anaanza upya. Kesho yake hana kovu wala kinyongo. Katika Mouse Trouble anajinunulia kitabu cha kumfundisha kunasa panya, anafuata kila sura kwa utiifu, na kila sura inamwachia jeraha. Risasi inamfyeka nywele za utosini hadi analazimika kuvaa nywele za bandia, na mwisho tunamwona amekaa juu ya wingu na kinubi, amekufa. Katuni inayofuata yupo mzima, ana nywele zake zote. Shajara ndiyo iliyomletea kumbukumbu. Kwa mara moja Tom anaketi chini na kuona kwamba yote yale yalimpata yeye, mmoja, kwa mfululizo, na kwamba kuna mtu aliyekuwa akiyahesabu. Hasira yake mwishoni si ile ya paka aliyekosa panya. Ni ya mtu aliyegundua kuwa wema wake umeelekezwa kwa asiyeujua. Sidhani kama kisa hiki kingeweza kusimuliwa kwa michoro mipya mitupu. Kilihitaji vipande ambavyo vilikuwa vimeshatokea kweli, vikaonwa kweli na watu katika majumba ya sinema, ili kumbukumbu ya Tom iwe pia kumbukumbu yetu.

Na tukumbuke mtazamaji wa 1949 alikuwa katika hali gani. Hakuwa na kanda ya video wala simu ya mkononi ya kurudishia nyuma. Katuni aliyoiona mwaka 1943 ilikuwa imemtoka, labda irudishwe tena sinema na kampuni yenyewe. Kwake yeye vipande vile vilikuwa kama sura ya ndugu aliyepotezana naye miaka sita, inayomtokea ghafla gizani. Mimi niliyepiga kelele sebuleni kwa jirani niliona katuni zote kwa wiki moja, kanda baada ya kanda, ndiyo maana nikalalamika.

Mwaka jana nilikaa na kompyuta nikasimamisha filamu hii mahali pa mshono: fremu ya mwisho ya Tom akisoma, na fremu ya kwanza ya kipande cha zamani. Niliziweka kando kwa kando. Tom wa 1949 ana umbo laini, mistari yake imetulia, uso umesafishwa kama wa mtu aliyetoka kinyozi. Tom wa mwanzoni mwa muongo ule ana manyoya yaliyochongoka mashavuni, ana mikunjo zaidi, ni mzito kidogo na anafanana zaidi na paka wa kweli. Hawa ni wawili, wamechorwa na mikono iliyokuwa imepevuka kwa miaka kadhaa kati ya mmoja na mwingine, na katuni inatuambia ni mmoja. Ajabu ni kwamba tunakubali, kwa sababu kumbukumbu ndivyo ilivyo: mtu akijikumbuka zamani, hujiona kijana. Muziki nao una mshono wake. Scott Bradley aliandika muziki wa katuni hizi ukifuata kila hatua na kila kishindo, kiasi kwamba ukikata picha umekata sentensi ya muziki katikati. Tegeni sikio mahali kipande kinapoingia na kinapotoka, mtasikia wimbo mmoja ukipisha mwingine.

Studio ile ilirudia mbinu hii mara tatu zaidi Hanna na Barbera wakiwa bado huko. Smitten Kitten ya 1952 ina kishetani kidogo cha kijani kinachomkumbusha Jerry kwamba kila Tom anapopenda, anayeumia ni panya. Kisha ikaja Life with Tom mwaka 1953 na Smarty Cat mwaka 1955. Solid Serenade peke yake, katuni ya mwaka 1946 ambamo Tom anampigia mpenzi wake gitaa kubwa la besi chini ya dirisha usiku, ilikatwa mara tatu, ikaingizwa katika Shajara ya Jerry, katika Smitten Kitten na katika Smarty Cat. Sijui kazi nyingine ya dakika saba iliyolisha nyingine tatu namna hiyo.

Katika hizo, Life with Tom ndiyo inayonigusa kwa namna ya pekee, ingawa kama katuni ni dhaifu kuliko Shajara. Safari hii Jerry ameandika kitabu kizima kuhusu maisha yake na Tom, kitabu kimechapishwa, watu wanakisoma na kucheka. Tom anakisoma naye, nasi tunaona vipande vya Cat Fishin', Kitty Foiled na The Little Orphan, hii ya mwisho ikiwa mshindi mwingine wa Oscar. Anakwenda kwa Jerry akiwa amefura. Hapo inatokea barua: nusu ya mrabaha wa kitabu ni ya Tom. Hasira inayeyuka, naye anaanza kucheka kwa yale yale yaliyomuudhi.

Fikirini maana ya jambo hilo katika katuni iliyotengenezwa kwa vipande vilivyotumiwa upya. Ndani ya kisa, aliyepigwa analipwa nusu kila hadithi yake inapouzwa tena. Nje ya kisa, mchoraji aliyechora kupigwa kule alikuwa amelipwa mshahara wake wa wiki mara moja, michoro ikawa mali ya kampuni, na kampuni ilipoitumia mara ya pili na ya tatu hakukuwa na barua yoyote iliyomfikia. Sisemi kwamba Hanna na Barbera walikusudia kutoa shutuma. Wao wenyewe walikuwa waajiriwa, na tuzo za Oscar zilipotolewa, aliyepanda jukwaani kuzipokea alikuwa Fred Quimby, mtayarishaji. Nasema tu kwamba kila ninapofika kwenye barua ile, nawafikiria akina mama na akina baba waliopaka rangi ya kijivu ya Tom kwa brashi, seluloidi baada ya seluloidi. Wanafunzi mnaotia saini mikataba ya kazi zenu za kwanza mwaka huu, someni sehemu inayohusu matumizi ya baadaye kabla hamjashika kalamu.

Wengine walikwishatangulia njia hii. Katuni za Popeye, baharia mla mchicha, zilikuwa zikifanya hivyo tangu miaka ya 1930. Katika Doing Impossikible Stunts ya mwaka 1940, Popeye anampelekea mkurugenzi wa filamu mikanda ya ushujaa wake ili apate kazi, na mtoto Swee'Pea anaingiza mkanda wake mwenyewe akaipata kazi yeye. Katika Spinach Packin' Popeye ya 1944 anamwonyesha mpenzi wake Olive Oyl jinsi alivyomshinda Sindbad na wezi arobaini wa Ali Baba, majina ambayo watoto wa pwani yetu waliyasikia kwa bibi zao kabla ya kuyaona kwenye televisheni. Zina ucheshi, lakini humo kipande cha zamani ni ushahidi tu, kama risiti ya kumwonyesha mtu. Mwenye kukitazama habadiliki. Ndiyo sababu naiweka Shajara juu yake.

Kuna mkondo mwingine katika habari hii, nao ni wa huzuni. Hesabu iliyowafanya wakuu wa studio wapende katuni za vipande ilikuwa hesabu ya kawaida: cha zamani kinaleta fedha karibu sawa na kipya, na hakigharimu kitu. Mwaka 1957 hesabu hiyo hiyo ilipigwa hadi mwisho wake. Wahasibu wa MGM waliona kwamba kurudisha sinema katuni za zamani, nzima nzima, kunaingiza karibu kiasi kile kile kinachoingizwa na katuni mpya, na idara ya katuni iliyofunguliwa mwaka 1937 ikafungwa. Hanna na Barbera, baada ya miaka 17 na katuni 114 za Tom na Jerry, ambazo za mwisho zilitoka mwaka 1958 milango ikiwa tayari imefungwa, wakajikuta hawana kazi. Hawakukaa bure, mwaka ule ule walianzisha kampuni yao ya kutengeneza katuni za televisheni, kwa bajeti ndogo kabisa ikilinganishwa na waliyoizoea, na huko kutumia tena mchoro uliokwisha kuchorwa kukawa ndiyo sheria ya kila siku: mwili unasimama, mdomo peke yake unasogea, na mhusika anayekimbia anapita dirisha lile lile mara tano. Mbinu waliyoijaribu mwaka 1949 kama kiraka cha bajeti ndiyo iliyowafundisha kuishi.

Paka na panya nao walirudi katika mikono mingine. Mwaka 1966, chini ya utayarishaji wa Chuck Jones, Tom Ray aliongoza Matinee Mouse, ambamo maadui hao wawili wanapatana na kwenda pamoja sinema. Filamu wanayoikuta huko ni katuni zao wenyewe za enzi ya Hanna na Barbera. Wanakaa viti vya jirani wakicheka, kisha mmoja anacheka mahali ambapo mwenzake aliumia, na amani inakwisha.

Taa zitazimwa sasa. Naomba jambo moja: mtakapoona kipande cha kwanza kimekwisha na Tom amerudi, shajara ikiwa mkononi mwake, msimtazame Jerry wala msitazame zawadi. Mtazameni uso.